Haina breki, ina gia moja: sasa fundi wa spidiwei anahangaika na nini?

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu, nadhani wengi mmeshaiona. Pikipiki nne zinaingia kona zimelala ubavu, usukani umekatwa kulia wakati wenyewe wanaenda kushoto, udongo unaruka kama mtu kamwaga ndoo, halafu chini kaandika mtu kwamba hizi pikipiki hazina breki. Basi watu wakaanza. Mmoja anasema ni uongo, mwingine anasema labda ni za maonyesho tu, mwingine ndio kamaliza kabisa: pikipiki ya gia moja bila breki ni baiskeli yenye injini, hata mtoto anaitengeneza. Hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya nikae niandike, maana hata mimi niliiamini kabisa kabla sijaanza kuufuatilia huu mchezo wa spidiwei.

Nilimwonyesha ile klipu fundi wangu wa bodaboda hapa mtaani, ameketi kwenye kigoda na Boxer ya mtu imefunguliwa injini mbele yake. Nikajua atashangaa breki kama wenzake. Wala. Akafuta mkono kwenye suruali, akasimamisha video, akaisogeza karibu na macho akaniuliza, "Sproketi ya nyuma hapo ina meno mangapi?"

Sproketi ni lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Sikuwa na jibu, ila swali lenyewe lilikuwa ndilo.

Tuanze taratibu. Spidiwei ni mashindano ya pikipiki kwenye uwanja wenye umbo la yai, juu kuna tabaka la udongo au kokoto laini zilizosagwa. Wanaingia watu wanne, wanazunguka mara nne, kona zote ni kushoto, na kwa dakika moja hivi mbio imeisha. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi na sifuri yake. Mzunguko mmoja ni mita 260 mpaka 425 kutegemea uwanja. Wengi wanataja asili yake kuwa West Maitland, Australia, Desemba 1923, halafu Februari 1928 ukapigwa High Beech kule Uingereza na watu wakaupenda vibaya mno. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulikuwa Wembley mwaka 1936, akachukua Lionel Van Praag wa Australia. Siku hizi moyo wa mchezo uko Poland, viwanja vinajaa kama mechi ya watani, na wao wanauita "żużel", neno linalotokana na masalia ya makaa yaliyoungua ambayo zamani ndiyo yalikuwa yanamwagwa uwanjani. Bartosz Zmarzlik, Mpoland, ndiye jina kubwa la miaka hii, ubingwa wake wa kwanza wa dunia aliupata 2019 na akaendelea kuurudia.

Sasa pikipiki yenyewe. Injini ya cc 500, silinda moja, stroku nne. Uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77, wakati Boxer ya kawaida inapita kilo 100 kirahisi. Nguvu yake inapita farasi 70, Boxer ya 150 iko kwenye farasi 12 hivi. Kwa hiyo chukua pikipiki nyepesi kuliko boda, iweke nguvu ya boda sita, ndo hiyo. Kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa ni sekunde kama 3. Nyuma hakuna shokapu kabisa, mbele kuna uma mdogo unaocheza kidogo sana na kazi ya springi inafanywa na raba, yaani raba kabisa za mpira. Tairi la mbele ni jembamba la inchi 23, la nyuma nene la inchi 19. Gia moja, klachi ipo, breki hakuna.

Ishu ni kwamba watu wanaona vitu vilivyotolewa wanadhani kazi nayo imetolewa. Fikiria wewe ukiwa kwenye boda unapanda mlima wa Kitonga. Injini ikichoka unashusha gia. Ukifika tambarare unapandisha. Kona ikija vibaya unashika breki. Yaani kosa lolote la matayarisho unalirekebisha njiani. Dereva wa spidiwei hana hata moja kati ya hizo, utepe wa kuanzia ukiruka juu kilichofungwa ndicho hicho mpaka mwisho wa mizunguko minne, ana akseleta, klachi ya kuanzia na mwili wake tu. Kwa hiyo ile kazi ambayo wewe unaifanya kwa mguu na vidole barabarani, yule fundi ameshaifanya kabla kwa spana. Na akikosea hakuna wa kumsaidia.

Ndio maana swali la meno lilikuwa la maana. Mtu yeyote wa boda anaijua hii hesabu hata kama hajui kwamba ni hesabu. Tuseme mbele una meno 14, nyuma 42. Injini inabidi izungushe sproketi yake mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Ukifunga ya nyuma meno 45 inakuwa mara 3.2 na kidogo, pikipiki inapata nguvu ya kuvuta mzigo ila spidi ya mwisho inashuka na injini inalia kweli. Wale wa kubeba magunia wanajua. Kwenye spidiwei wanacheza na jino moja tu. Kutoka 56 kwenda 57 ni tofauti ya chini ya asilimia 2, kwenye boda hungeihisi hata kidogo, lakini pale ndani jino hilo moja linaweza kukutoa wa kwanza ukawa wa tatu. Meno yakizidi pikipiki inaondoka kwa hasira, ila tairi nalo linapata urahisi wa kuzunguka bure bila kusukuma mbele. Yakipungua inaondoka kizito, lakini ikishachanganya inakimbia kwenye nyoofu vizuri. Na jibu sahihi la saa moja usiku sio jibu sahihi la saa mbili usiku, kwa uwanja ule ule.

Kwa nini? Udongo. Mimi hapa ndipo nilipoanza kuupenda huu mchezo, kwa sababu uwanja ni kitu kinachobadilika kama barabara ya vumbi msimu wa mvua. Mwanzo wa jioni umemwagiwa maji, umesawazishwa, tairi linang'ata. Mbio tano zikishapita, kila kona inasukuma udongo kwenda nje, ndani panabaki pagumu panateleza kama sakafu iliyopigwa deki, nje kwenye uzio kunajaa rundo la udongo mlaini wenye mshiko. Gari la maji likipita linabadilisha tena. Jua likizama unyevu unabadilika. Kwa hiyo dereva anatoka mbio ya kwanza kashinda kwa mita kumi, anarudi ya tatu na pikipiki ile ile haijaguswa, anakuwa wa mwisho, na watu jukwaani wanasema kachoka. Hajachoka, uwanja ndio umemkimbia.

Mtindo wa kizamani wa mashindano makubwa ni watu 16, mbio 20, kila mtu anapanda mara 5 na anakutana na kila mwenzake mara moja. Maana yake baada ya kila mbio una dakika chache tu za kusoma uwanja na kuamua. Pikipiki inaingia inavuja udongo, fundi mmoja anaipandisha kwenye stendi anakwangua matope, mwingine anaangalia cheni na mafuta, dereva hata helmeti hajavua vizuri anaonyesha kwa mkono ilivyokuwa inaserereka, "inaruka mbele", au "inazunguka tu haiendi". Kutoka hapo fundi anatafsiri. Inaruka mbele, yaani tairi la mbele linanyanyuka, maana yake la nyuma linang'ata kupita inavyotakiwa, pengine asogeze ekseli ya nyuma irudi nyuma kidogo. Inazunguka haiendi, pengine aivute mbele tairi likae karibu zaidi na uzito wa dereva. Wewe unasogeza ekseli ya boda ili kukaza cheni tu, wao wanasogeza ili kuamua uzito ukae wapi, milimita chache kwa mkono, wanapima na kumeza mate. Taa ya dakika mbili ikiwaka, uwe umemaliza au hujamaliza lazima uwepo kwenye mstari.

Tuje kwenye mafuta, hapa ndio uongo ni mwingi. Pikipiki hizi hazitumii petroli, zinatumia methanoli. Mtaani watu wanasema methanoli ina nguvu kuliko petroli, ndio maana zinakimbia. Sio kweli. Lita moja ya methanoli ina nishati kama nusu tu ya lita ya petroli. Siri iko kwenye mchanganyiko na hewa. Petroli inataka hewa karibu kilo 15 kwa kilo moja ya mafuta. Methanoli inataka hewa kilo 6 na nusu hivi. Fikiria unapika uji, maji ndio hewa na unga ndio mafuta, petroli ni uji mwepesi wa mgonjwa, methanoli ni uji mzito wa kijiko kusimama. Sufuria ni ile ile, ila unga umeingia zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo kwa kila pumzi ya injini unachoma mafuta mengi zaidi, na hesabu ya nishati inafika sawa na petroli au inaipita kidogo. Ndo maana jeti za kaburata la spidiwei zina matundu makubwa ambayo ukiziweka kwenye boda yako pulagi italowa kabla hujatoka getini.

Faida kubwa zaidi ni ubaridi. Unakumbuka nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi inavyopata baridi? Spiriti ikigeuka mvuke inachukua joto. Methanoli inafanya hivyo hivyo ndani ya injini, inapoza hewa inayoingia, na hewa baridi inaenea kwa wingi kwenye nafasi ile ile. Halafu haigongi kirahisi, yaani hailipuki yenyewe kabla ya wakati wake, kwa hiyo pistoni inaruhusiwa kuiminya sana kuliko petroli ingevumilia. Kuminywa huko ndiko kunakotoa nguvu, na ndiko kunakosaidia pia pikipiki kupunguza mwendo ukifunga akseleta, injini yenyewe inakuwa kama inashika.

Ila methanoli ni kitu cha kuogopa. Moto wake mchana hauonekani, mtu anaweza kuwa anaungua na wewe unamwangalia unashangaa anarukaruka nini. Na ndiyo hii hii ambayo ikiingia kwenye pombe za kienyeji inapofusha na kuua, Kenya mwezi Mei 2014 iliua watu wengi Embu, Kiambu na maeneo mengine. Kwa hiyo usije ukasikia inatengeneza spidi ukaanza kuulizia madukani. Isitoshe inakula alumini, ndio maana mafundi wakimaliza jioni wanamwaga yote kwenye tenki na kaburata, hawaiachi ilale humo.

Kwenye oili nako kuna kitu kitakufurahisha. Kwa miaka mingi injini hizi zimelainishwa na oili inayotokana na mafuta ya nyonyo. Eh, nyonyo hii hii, ambayo mama zetu wanapaka kichwani nywele zikue. Inavumilia joto kali bila kukatika, na jina la kampuni ya Castrol lenyewe limetoka kwenye jina la Kizungu la nyonyo. Harufu yake ikiungua inakaa uwanja mzima na mashabiki wazee wakiisikia wanasema ndio wamefika nyumbani.

Taimingi nayo niigusie kwa ufupi maana inawachanganya watu. Cheche ya pulagi haipigwi pistoni ikiwa juu kabisa, inapigwa kabla kidogo ili moto upate muda wa kusambaa. Ni kama kusukuma mtoto kwenye bembea, ukisukuma bado anakuja kwako unamzuia, ukichelewa nguvu yako inapotea hewani. Fundi akiwahisha cheche injini inapiga kwa ukali, akiichelewesha inakuwa laini. Uwanja ukiteleza, ukali huo ni adui, bora injini iwe na adabu kidogo tairi lisipate kichaa. Wapo watu wanaheshimika dunia nzima kwa kazi hii ya kuandaa injini tu, kama Ryszard Kowalski wa Poland, na mashabiki wanabishana kuhusu injini ya nani imefungwa na nani kama sisi tunavyobishana kuhusu usajili.

Haya, breki. Swali linalorudi kila siku ni kwa nini wasiweke ili iwe salama. Kwanza tuelewe wanavyokata kona. Kama umewahi kupakiwa kwenye boda njia ya matope na nyuma ikachomoka kwenda kulia, utakumbuka dereva alifanya nini bila hata kufikiri: alikata usukani kulia, kule kule nyuma inakokwenda, ikanyooka. Mimi ilinipata nimepakiwa na tenga la mayai, sitaki kuongelea mayai. Sasa dereva wa spidiwei analichukua lile tukio la bahati mbaya analifanya makusudi. Anaitupa nyuma nje kwa nguvu ya injini, usukani unaangalia kulia, mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma unaburuzika chini, na akseleta ndiyo inakuwa usukani wa pili. Akiongeza nyuma inatoka zaidi, akipunguza inarudi. Mserereko wenyewe unakula spidi, maana tairi lililolala ubavu linasukumana na udongo.

Ukimpa breki hapo katikati unafanya mawili. Akiishika tairi linaweza kung'ata ghafla, pikipiki inasimama wima na kumrusha juu upande wa pili. Na kama hilo halijatokea, nyuma yake kuna mtu kwa umbali wa mkono ambaye hakujua kwamba mwenzake atafunga. Wote wanne wakijua hakuna anayeweza kusimama ghafla, kila mmoja anajua mwenzake atakuwa wapi nusu sekunde ijayo. Kuna kamba pia inafungwa mkononi kwa dereva, akidondoka inachomoka na injini inazima, na viwanja vikubwa kona zimezungushiwa uzio wa kujazwa upepo. Hayo yote hayaufanyi kuwa mchezo wa salama, nisiwadanganye. Darcy Ward wa Australia, moja ya vipaji vikubwa vya kizazi chake, alipooza baada ya kuanguka Poland mwaka 2015.

Wengine wanasema basi ni pesa, mwenye injini ghali anashinda. Pesa inasaidia, nani atakataa, ila sheria zinabana sana, uzito, cc, tairi, eksozi, hadi nguo. Mwaka 2023 Zmarzlik akiwa anaongoza ubingwa aliondolewa kwenye raundi nzima ya Vojens kule Denmark kwa sababu ya kuvaa suti isiyo yenyewe. Suti jamani! Ikabidi aende kumalizia kazi Toruń kule Poland raundi ya mwisho, na akaimaliza. Na injini ghali iliyofungwa kwa ajili ya mtu mwenye mkono mlaini ukimpa mwenye mkono mzito inamgeuka, yaani fundi inabidi amjue dereva wake kama fundi cherehani anavyojua bega la mteja limelala upande gani.

Niliporudi kwa fundi wangu na haya majibu alikuwa ameshamaliza ile Boxer anafunga nati za mwisho. Nikamweleza meno, ekseli, uji, nyonyo, akawa anaitikia tu "ehe". Nikajua hasikilizi. Nilipomaliza akaniomba tena ile klipu, akaiangalia mara mbili kona ile ile.

"Wanakata kushoto tu siku zote?"

Nikamwambia ndiyo, siku zote.

"Basi hilo tairi la nyuma linalika upande mmoja, upande mwingine unabaki mpya. Lazima wanalitoa wanaligeuza."

Nilikuwa sijamwambia hilo. Na ni kweli, wanaligeuza.